Vidonge vya sukari na ndevu za kipilipili

Mzee aliniuliza kama naogopa radi.

Alikuwa tabibu wa homeopathi, wale wanaotibu kwa vidonge vidogo vitamu, nami nilikuwa nimekwenda kwake kwa ajili ya vipele vya ndevu. Shingo yangu ilikuwa imeharibika kiasi kwamba ikifika saa nne asubuhi kola ya shati jeupe ina vidoa vya damu, na yeye badala ya kuangalia shingo anauliza habari za radi. Nikamwambia utotoni, kule Muheza, niliziogopa sana, na mama alikuwa akifunika kioo cha kabati kwa khanga mvua ikianza kunguruma. Akaandika. Akauliza kama nalala nimejifunika au nimejifunua. Akaandika. Kama napenda vitu vichachu. Kama nikikasirika nanyamaza au napiga kelele. Nilikaa pale kwenye kiti cha mbao, ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani Upanga, feni ikizunguka taratibu juu yetu, karibu saa nzima.

Kwa miaka sita kabla ya siku ile hakuna mtu aliyewahi kuzungumza nami habari za vipele vyangu kwa zaidi ya dakika tatu.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa dirishani, kwenye benki moja katikati ya jiji. Mwanaume wa dirishani alitakiwa awe amenyoa, kila siku, hata Jumamosi ya nusu siku. Meneja alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni asubuhi akitusalimia kwa mkono, na mkono wako ukiwa bado umeshikwa, macho yake yalikuwa yanashuka kidevuni. Ndevu za siku mbili kwake zilikuwa sawa na viatu vyenye matope.

Basi nilinyoa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, maji ya baridi, sabuni ya kuogea, wembe wa makali matatu. Ngozi naivuta kwa vidole mpaka ikaze kama ya ngoma, wembe naupandisha kutoka kooni kwenda juu, kinyume na ndevu zinavyolala, narudia mara mbili, mpaka nikipitisha kiganja shavuni hakikwaruzi kitu. Kila nilichokuwa nakifanya pale bafuni, nilikuja kuelezwa baadaye, ndicho kinachotengeneza vipele. Kama kungekuwa na mtihani wa kujiharibu shingo ningeongoza darasa.

Jumamosi mchana ilikuwa zamu ya saluni, Ilala. Kinyozi wangu, kijana mcheshi, alikuwa na mkono mwepesi. Anavunja wembe mpya katikati ukiwa ndani ya karatasi yake, tak, anapachika nusu kwenye kishikio, anachonga mstari wa shavu, anazungushia shingo. Halafu linakuja jiwe la shabu, limelowekwa maji, linapitishwa juu ya mikwaruzo, na macho yanajaa machozi. Halafu spiriti. Halafu unakabidhiwa kwa dada wa kuosha uso, naye na skrabu yake yenye chembe kama mchanga wa Kigamboni anavisugua vipele kimoja kimoja, kwa moyo wote, mpaka vinavuja. “Kaka, huo uchafu ndiyo unatoka,” ananiambia. Haukuwa uchafu. Nilikuwa mimi.

Tiba nilizojaribu ni nyingi na nyingine naona haya kuzitaja. Limao. Utomvu wa mshubiri. Dawa ya meno usiku kucha, nikaamka nimeungua. Kwenye zahanati niliambiwa ni bakteria, nikapewa vidonge vya siku saba, vilipungua, vikarudi. Kilichonidhuru hasa ni krimu ya dukani, ile tyubu moja ambayo ndani yake kuna dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali, zote pamoja, na muuzaji anakupa bila kukutazama mara mbili. Wiki ya kwanza nilidhani nimepona. Ngozi ikatulia, ikawa laini, hata rangi ikang’aa. Mwezi wa tatu shingo ilikuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, inawaka kila nikitoka juani, na nikiacha krimu siku mbili vipele vinarudi na wenzao. Kuachana nayo kulinichukua muda mrefu kuliko kuachana na soda.

Shemeji yangu ndiye aliyenitajia yule mzee. Mtoto wake alikuwa na chunjua mkononi, akapewa vidonge vidogo vyeupe, baada ya miezi michache chunjua zikatoweka. “Baba Salma, nenda kwa babu wa Upanga,” akasema. “Vile vidonge vyake ni vitamu, lakini vinafanya kazi.” (Chunjua za watoto, ajue kila mzazi, aghalabu huondoka zenyewe. Wakati ule sikulijua hilo, na hata ningelijua nisingelisema mbele ya shemeji.)

Baada ya radi na vitu vichachu mzee aliinuka, akavaa miwani, akanishika kidevu kwa vidole viwili akakigeuzia dirishani. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vya baridi. Alinitazama shingo kwa utulivu, kama mtu anayesoma barua. Kisha akafungua sanduku la mbao lenye safu za chupa ndogo, kila moja na kizibo cha mti na kikaratasi kilichoandikwa kwa wino. Kwenye chupa tupu akamimina vidonge vyeupe, vidogo kama punje za mtama, akavidondoshea matone matano ya kitu kinachonukia spiriti, akaitikisa, akaandika: Hepar sulph. 30.

“Vinne chini ya ulimi, asubuhi na jioni, mwanangu. Kahawa acha. Kafuri usiinuse. Dawa ya meno yenye mnanaa acha.”

“Sawa, mzee.”

“Na ndevu usiziguse. Mwezi mzima. Wembe unaiua dawa.”

Nikamweleza habari za benki. Akatabasamu, akaniuliza likizo yangu ni lini. Sheria ya kazi ya nchi hii inampa mwajiriwa siku 28 za likizo ya mwaka, na mimi nilikuwa sijazigusa. Akaniongezea jambo moja nikiwa mlangoni: siku za mwanzo hali itazidi kuwa mbaya, nisiogope, maana dawa inautoa ugonjwa nje.

Na kweli ilizidi. Siku kumi za kwanza shingo iliwasha usiku kucha, vipele vikaongezeka, vingine na usaha. Nikafurahi. Mtu aliyetabiriwa mabaya yakatokea humwamini mtabiri kuliko aliyetabiriwa mema. Wiki ya tatu kuwasha kukakoma. Siku ya 28, nyumbani Muheza, nilijitazama kwenye kioo kile kile cha kabati la mama: ndevu nyeusi, fupi, za kujikunja, na chini yake ngozi tulivu. Madoa meusi yalikuwepo, lakini kipele kipya hata kimoja hakuna. Nikageuka mhubiri. Kila mwenye vipele nilimwelekeza Upanga. Mdogo wangu, mlinzi wa kampuni moja ya ulinzi, ambaye naye shingo yake ilikuwa kama ganda la fenesi, nilimnunulia mwenyewe.

Jumatatu nikanyoa, nikarudi dirishani. Vidonge naendelea navyo, vinne asubuhi, vinne jioni, kahawa situmii. Siku ya sita vipele vyote vilikuwa vimerudi kazini pamoja nami.

Mzee alinipokea vizuri, akabadilisha dawa, safari hii Silicea 200. Hakuna kitu. Mdogo wangu naye, ambaye kazini kwake wembe ni amri na likizo hakuwa nayo, alimaliza chupa mbili za Hepar bila hata kipele kimoja kuondoka. Nilimpigia simu kumuuliza labda anakunywa kahawa. “Kaka,” akaniambia, “mimi kahawa nimeacha, wembe sijaacha. Wewe uliacha vyote viwili ukapona. Sasa kilichokuponya ni kipi?”

Nilikata simu nikidai nina mteja.

Daktari wa ngozi niliyekuja kumwona baadaye, mama mmoja aliyesomea Moshi, pale KCMC ambako kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, hakuniuliza habari za radi. Alinipa kioo cha mkononi na lenzi, akawasha taa, akasema: “Hebu kitazame kipele kimoja tu, taratibu.” Nikatazama. Juu ya kipele, chini ya ngozi nyembamba iliyoangaza, palikuwa na mstari mweusi uliopinda. Ulitoka kwenye kitundu chake, ukapanda, ukajikunja, na ncha yake ikazama tena ndani ya nyama karibu milimita mbili kutoka pale ulipotokea. Kama mshikio wa kikombe. Miaka sita nilikuwa natibu bakteria, uchafu, joto la mwili na damu chafu, kumbe ni udevu wangu mwenyewe umenichoma.

Sisi wenye nywele za kipilipili kitundu kinachotoa unywele chenyewe kimepinda ndani ya ngozi, na unywele unatoka umelala, tayari kujiviringisha. Ukiuacha uwe mrefu hauna tatizo; utajiviringisha hewani. Ukiukata karibu sana na ngozi, kwa mshazari, unabaki na ncha kali kama mkuki. Ukikua siku mbili tatu tu, ncha inafika kwenye ngozi na kuingia. Kuna njia ya pili, mbaya zaidi, na ndiyo ya wale tunaovuta ngozi na kutumia nyembe za makali mengi. Mpango wa nyembe hizo, tangu zile za makali mawili zilipoingia madukani Marekani mwaka 1971, ni kwamba kali la kwanza linauvuta unywele juu na la pili linaukata. Unywele ukiachiliwa unarudi chini ya usawa wa ngozi. Hapo hausubiri hata kutoka nje. Unatoboa ukutani mwa kitundu chake, huko huko ndani. Mwili haujui kwamba ule ni unywele wako. Unauona mwiba, na unaupiga vita kama mwiba: uvimbe, muwasho, usaha, na mwisho weusi unaokaa miezi.

Ndevu huota karibu milimita 0.4 kwa siku. Daktari aliliandika hilo kwenye karatasi akanigeuzia. Zidisha kwa 28. Milimita 11 na kitu. Udevu uliojichimbia ukifikia urefu wa karibu milimita 10, ule mkunjo wenyewe unakuwa kama springi na kuivuta ncha nje ya ngozi. Kwa hiyo ukiacha kunyoa, siku za mwanzo lazima hali izidi, kwa sababu ndevu zote zilizokatwa fupi zinakua na kufika kwenye ngozi kwa pamoja. Halafu kuanzia wiki ya tatu, ya nne, zinachomoka moja moja, na ngozi inapumzika. Yote aliyonitabiria mzee yangetokea bila kidonge hata kimoja. Likizo yangu ndiyo iliyoniponya.

Sidhani kama alinidanganya. Aliona wagonjwa wengi wa ndevu maishani mwake, akawaambia wote waache wembe, wote wakazidiwa kwanza kisha wakapona, na yeye akawa ameweka vidonge katikati. Mtu anaweza kukosea namna hiyo kwa miaka 40 kwa nia njema kabisa.

Niliporudi nyumbani nilianza kusoma habari za hii homeopathi, na nikakuta asili yake inapita karibu na kwetu kuliko nilivyodhani. Samuel Hahnemann, daktari wa Kijerumani aliyezaliwa Meissen mwaka 1755, alikuwa akitafsiri kitabu cha dawa mwaka 1790 alipofika kwenye maelezo ya gome la mkwinini. Hakuridhika na sababu zilizotolewa za kuponya homa za vipindi, kama malaria. Akajijaribia mwenyewe: akala gome hilo akiwa mzima, siku kadhaa, na akajiona ana dalili kama za homa ile ile. Hapo akachomoa kanuni, kwamba kinachomletea mzima dalili fulani ndicho kinachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Mwaka 1796 akaitangaza, na mwaka 1810 akaitungia kitabu.

Mtu wa Muheza akisikia mkwinini anajua kinachozungumzwa. Wajerumani waliipanda mikwinini Amani, huko juu milimani Usambara, kwenye kituo chao cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1902, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli za kutoka kwao zilipozuiwa, kwinini ya askari wao ilitengenezwa huko huko Amani. Babu alipenda kutusimulia uchungu wake na jinsi masikio yanavyovuma ukiimeza. Nayo iliponya. Lakini haikuponya kwa kufanana na malaria. Iliponya kwa sababu inaua vimelea, ambavyo Laveran, daktari wa Kifaransa, alikuja kuviona kwenye damu ya wagonjwa Algeria mwaka 1880, miaka 37 baada ya Hahnemann kufariki. Na iliponya kwa kipimo cha kutosha, chenye uchungu wa kukunja uso. Hapo ndipo homeopathi na babu yangu wanapoachana njia.

Maana ile 30 niliyoandikiwa kwenye chupa si miligramu. Ni idadi ya mara dawa ilivyozimuliwa. Unachukua tone moja, unalitia kwenye matone 99 ya maji au spiriti, unatikisa kwa kugonga. Hiyo ni mara ya kwanza. Tone moja la hapo unalitia kwenye 99 mengine. Mara ya pili. Nilikaa na kikokotoo cha kazini (keshia hupenda kujumlisha hata vitu visivyomhusu): ukifika mara ya sita, tone lako la mwanzo limeenea kwenye maji ya mabwawa 20 ya kuogelea, yale makubwa ya Olimpiki. Ukipita mara ya 12 uwezekano wa kubaki hata molekuli moja ya ile dawa unakuwa mdogo kuliko wa kutobaki kitu. Mimi nilikuwa kwenye 30. Na ile Silicea ilikuwa 200. Wenyewe wanasema maji yanakumbuka. Mimi nasema kama maji yanakumbuka, ya Dar yangekuwa na mengi ya kutueleza.

Kilichonichekesha zaidi ni Hepar yenyewe. Hahnemann aliitengeneza kwa kuchoma ganda la chaza pamoja na unga wa kiberiti. Kinachopatikana ni salfaidi ya kalisi, unga wenye harufu ya yai viza. Sasa, ile poda ya kunyolea bila wembe inayouzwa madukani, ambayo wanaume wengi wenye vipele wameishia kwayo, kazi yake inafanywa na salfaidi ya bari, ndugu wa damu wa ile ya chaza, yenye harufu ile ile. Salfaidi ikiwa nyingi inalainisha unywele mpaka unafutika kwa kijiko, na unabaki na ncha butu isiyochoma. Watengenezaji wa ngozi viwandani wanalijua hilo. Kwa hiyo mzee alikuwa na dawa ya vipele vya ndevu mkononi mwake, ndani ya sanduku lake la mbao. Tatizo ni kwamba aliizimua mpaka ikaisha.

Wenye uwezo wa kupima wamepima. Baraza la utafiti wa afya la Australia lilipitia tafiti nyingi na mwaka 2015 likasema halikuona ugonjwa wowote ambao kuna ushahidi wa kuaminika kwamba homeopathi inauponya. Huduma ya afya ya umma ya Uingereza ikawataka madaktari wake waache kuiandika mwaka 2017. Ufaransa, inakopendwa sana, bima ya serikali iliacha kuilipia mwaka 2021.

Sisemi haya kumbeza mzee. Bado nakumbuka vile vidole vikavu kidevuni. Kwenye zahanati sikuguswa. Niliandikiwa nikiwa bado nimesimama. Mtu mwenye ugonjwa wa kuonekana usoni, ambaye wateja wanapokea pesa wakimtazama shingo, akipata wa kumsikiliza saa nzima anaondoka mwepesi. Nafuu ile ilikuwa ya kweli. Ila haikuwa imetoka kwenye chupa.

Kuhusu wembe wa lazima, hatuko peke yetu, na wenzetu wameupeleka mbali zaidi. Nchini Marekani, ambako tafiti zimetaja kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaume weusi kuwa na vipele hivi, jambo hili limekuwa kesi jeshini kwa miongo. Askari huandikiwa na daktari kibali cha kutonyoa. Mwaka 2020 Jeshi la Anga liliruhusu kibali hicho kidumu hadi miaka mitano, na mjadala haujaisha mpaka leo. Mjini Omaha, jimbo la Nebraska, mpeleka pizza mmoja alifukuzwa kazi kwa kuwa na ndevu alizoshauriwa asizinyoe, kesi ikapanda hadi mahakama ya rufaa ya shirikisho, na mwaka 1993 ikaamuliwa kwamba sharti la kunyoa liliwaumiza wanaume weusi kuliko wengine na kampuni haikuwa na sababu ya kibiashara ya kutosha. Hukumu ile niliichapisha. Nilikusudia kumpelekea meneja. Sikumpelekea, nilimpelekea barua ya daktari wa ngozi, ukurasa mmoja, na akaikubali kwa kuguna.

Alichonipa daktari hakikuwa cha ajabu. Kwanza kuacha wembe mpaka vilivyopo viishe, wiki nne hadi sita. Ndevu zilizojikunja zinainuliwa kwa sindano iliyopanguswa kwa spiriti, ncha inatolewa nje, unaishia hapo. Usiung’oe, maana utakaoota mahali pake unaweza kutobolea ndani. Baada ya hapo mashine, si wembe, na isigandamizwe ngozini: kibaki kiasi cha milimita moja. Asiyeweza kuacha wembe basi atumie wa kali moja, baada ya maji ya moto, kwa kufuata ndevu zinavyolala, bila kuvuta ngozi, bila kurudia. Krimu ya tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A, usiku, kidogo, kwa weusi na ngozi iliyofunga. Steroidi ikihitajika iwe hafifu, ya siku chache, kwa maelezo yake yeye, si ya muuza duka. Poda ya kunyolea inafaa kwa wengine lakini inaunguza, ijaribiwe mkononi kwanza na isizidishwe dakika. Wenye pesa wana leza ya kuondoa nywele, na kwa ngozi zetu ni ile ya mawimbi marefu ya nanomita 1064. Nyingine zinaweza kuunguza na kuacha mabaka. Akaniangalia na kisogo: vipele vya pale, vinavyogeuka makovu magumu, ni ugonjwa mwingine, na havichezewi. Wanawake wanaonyoa kwapa na kwingineko wanayajua mengi ya haya bila kuelezwa.

Kuna krimu nyingine aliyoitaja kwa kupita, nami nimeikumbuka kuliko zote kwa sababu ya historia yake. Eflonithini, ya kupunguza kasi ya ndevu kuota, hasa kwa wanawake wenye nywele usoni. Dawa hiyo hiyo, ikiwekwa kwenye mshipa, ndiyo iliyokuwa ikiwaamsha wagonjwa wa malale waliokwisha kuingia usingizini, ile malale ya Kongo na kaskazini magharibi mwa Uganda. Watengenezaji waliacha kuizalisha katikati ya miaka ya 1990 kwa kuwa wagonjwa wa malale hawana pesa. Mwaka 2000 ikaonekana inafaa kwa ndevu za akina mama wa Marekani, na mwaka 2001, baada ya kelele za wahudumu wa afya, ikaanza kutolewa tena kwa ajili ya malale. Kila nikilalamika habari za shingo yangu huwa naikumbuka hadithi hii, kisha naendelea kulalamika.

Kinyozi wangu ni yule yule. Ilimchukua miezi kukubali. Kila Jumamosi anashika nusu wembe, ananiangalia kwenye kioo: “Bosi, tupitishe kidogo tu pembeni?” Nakataa. Anaona namharibia jina, mteja kutoka kwake bila mstari.

Chupa ya mwisho ya mzee niliiweka kwenye droo ya kitandani, na mwezi uliopita Salma, ana miaka minne, aliigundua. Nilimkuta ameketi sakafuni, mdomo mweupe, chupa tupu. Mke wangu akapiga kelele. Nikamtuliza kwa sauti ya mtu aliyefanya hesabu: ni sukari, nikamwambia, Silicea 200, hamna kitu mle, hata molekuli. Halafu nikakumbuka kusoma kwamba mwaka 2017 huko Marekani vidonge vya aina hii vya kutulizia meno ya watoto vilikutwa na sumu ya mmea wa beladona nyingi kuliko ilivyoandikwa. Tena chupa ile ilijazwa kwa mkono, na mzee alivaa miwani minene.

Usiku ule mimi, mwenye hesabu za mabwawa 20, nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda chake mpaka alfajiri, nikimsikiliza anavyopumua. Saa kumi na mbili kasoro akafumbua macho, akanishika kidevu, akalalamika kwamba kinakwaruza, akauliza kama zile pipi zimebaki.